MAKAMBAKO TUNALALA NA MOTO MLANGONI



Jioni ukiwa umekaa kijiweni pale njia panda ya Makambako, hebu weka kando ubishi wa Simba na Yanga kwa nusu saa. Geuza shingo utazame barabara. Hesabu malori. Lori la mafuta la Zambia hilo. Lori la mafuta la Kongo hilo. Lile lililofunikwa turubai lina mbolea, au salfa ya migodini, au kitu ambacho hata utingo wake hakijui. Mengine yanakata kushoto kwenda Njombe na Songea, mengine yanakwenda moja kwa moja Mbeya na Tunduma. Yakishiba barabara yanaegesha palepale ulipokaa, na mama lishe anasogeza jiko lake la mkaa karibu ili madereva wasitembee mbali kufuata chipsi.

Sasa tukuulize. Katika malori yote uliyoyahesabu, ni lipi ambalo likipinduka unatakiwa ukimbie mita mia kadhaa bila kugeuka nyuma? Ni lipi ambalo ukilimwagia maji umejiua wewe na jirani yako? Hujui. Na sisi hatukulaumu, maana hakuna aliyekuja kukufundisha. Viongozi wetu wana tabia moja tunayoijua: moto ukishateketeza watu, wanakuja na msafara, wanashika vichwa, kisha wanawaambia wafiwa kwamba vijana wao waliponzwa na tamaa.

Tamaa! Tuanzie hapo.

Asubuhi ya tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka. Barabara ni hii hii inayopita mlangoni kwako. Watu wakatoka na madumu, wengi wao vijana, na waendesha bodaboda wakiwa mstari wa mbele. Habari zilizotoka siku zile zilisema kuna mtu alikuwa akihangaika na betri ya lori. Moto ukalipuka. Waliokufa papo hapo na waliofia hospitalini siku zilizofuata walizidi 100. Rais Magufuli akatangaza siku tatu za maombolezo, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaunda kamati ya uchunguzi. Bendera zikashushwa, bendera zikapandishwa.

Je, kijana wa Makambako, kamati ile ilikuletea nini? Kuna mtu aliyeitisha mkutano stendi akakueleza walichokiona Morogoro? Kuna bango lililobandikwa kwenye maegesho ya malori kwa Kiswahili, lenye maneno mawili matatu ya kuokoa roho? Tazama mwenyewe ukutani utupe jibu.

Kati ya mwaka 2022 na 2025 lita moja ya petroli ilikuwa ikizunguka shilingi 3,000, mara juu kidogo, mara chini kidogo. Kwa bei hiyo dumu la lita 20 ni shilingi 60,000. Kwa mtu anayeendesha bodaboda ya mkataba, anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, dumu lile ni kazi ya siku kadhaa iliyomwagika mtaroni. Anayemwita huyo mwenye tamaa, mwenyewe anajaziwa tanki la shangingi kwa kodi yetu. Hatusemi kwamba ni halali kuchota. Tunasema kwamba kama unataka mtu aache shilingi 60,000 chini, sharti umweleze kwa lugha anayoielewa kilichomo ndani ya dumu lile.

Sikiliza basi. Petroli yenyewe haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu na zaidi, kwa hiyo haupandi juu kama moshi. Unatambaa. Unashuka mtaroni, unafuata mteremko, unaingia chini ya meza za wauza nyanya, unamfikia mama lishe na jiko lake la mkaa aliye mbali kabisa na lori. Yeye hajachota hata kijiko. Moto ukimgusa pale, unarudi ulikotoka kwa kasi ambayo hakuna mwanariadha wa kuishinda. Ndiyo maana anayesema "nitachota haraka kabla haujawaka" anajidanganya: anasimama katikati ya kitu ambacho tayari ni baruti, anachosubiri ni cheche. Cheche ni betri. Cheche ni pikipiki inayowashwa. Cheche ni chuma cha mwili wa lori kikisuguana na lami.

Kuna watu wa Njombe wanaojifariji kwa baridi. Kweli, Juni na Julai Njombe inauma, asubuhi majani ni meupe kwa umande ulioganda, na mtu anaota moto saa nne akiwa na makoti mawili. Lakini petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Baridi ya Njombe kwake ni joto la pwani. Dizeli ndiyo mvivu, huhitaji kupashwa kupita nyuzi 50 kabla mvuke wake haujakubali kiberiti. Na hapo ndipo kwenye hila, maana lori moja la mafuta linaweza kuwa na vyumba kadhaa, chumba hiki dizeli, chumba kile petroli. Kwa macho huwezi kutofautisha.

Kwa macho huwezi, lakini kwa bango unaweza. Hili ndilo jambo lililotufanya tuandike leo.

Dunia ilishamaliza kazi hii zamani. Mwaka 1956 Umoja wa Mataifa ulitoa mapendekezo ya kwanza ya namna ya kusafirisha vitu vya hatari. Mwaka uliofuata mataifa ya Ulaya yakatia saini mkataba wao wa barabarani mjini Geneva, ukaanza kutumika 1968. Leo mkataba huo si wa Wazungu peke yao, Nigeria wamo na jirani zetu Uganda wamo. Vitu vyote vya hatari vimegawanywa katika makundi tisa, na kila kitu kimepewa namba yake ya tarakimu nne ambayo haibadiliki, uwe Mombasa au Makambako.

Kwenye lori lililofuata utaratibu utaona vitu viwili. Cha kwanza ni mraba uliosimamishwa kwa kona yake. Mwekundu wenye picha ya moto ni kimiminika kinachowaka, una namba 3 chini. Wenye fuvu la kichwa ni sumu, namba 6. Mweupe juu na mweusi chini, wenye picha ya kitu kinachomwagikia mkono na chuma na kuvila, ni asidi na ndugu zake, namba 8. Wa njano wenye moto juu ya duara ni kitu kinachoupa moto nguvu, namba 5. Humo ndimo ilimo amonia nitreti, ile ambayo tani 2,750 zake zilizosahauliwa bandarini Beirut zilibomoa sehemu kubwa ya mji tarehe 4 Agosti 2020. Wenye pangaboi la mapanga matatu ni mionzi, namba 7.

Cha pili ni kibao cha rangi ya chungwa chenye namba mbili, moja juu, moja chini. Ya chini ndiyo jina la mzigo. 1203 ni petroli. 1202 ni dizeli. 1223 ni mafuta ya taa. 1075 ni gesi ya kupikia. 1830 ni asidi ya salfa. 1350 ni salfa yenyewe. 1689 ni sayanaidi ya sodiamu. Namba ya juu ndiyo tabia ya mzigo, na tarakimu ikirudiwa ujue balaa limeongezeka: dizeli ina 30, petroli ina 33. Na ukiona herufi X imetangulia, hapo maji ni marufuku.

Umeona? Umemaliza darasa. Limechukua dakika mbili, na bei yake ni bei ya gazeti hili. Sasa tuulize kwa nini darasa hilo halitolewi kwenye shule za msingi za Makambako, Mji Mwema na kote njiani hadi Tunduma, ambako watoto wanavuka barabara hii kila siku.

Serikali itatujibu kwamba sheria zipo. Tunajua zipo! Ipo Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973. Ipo Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya 2003, iliyo chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, inayodai kemikali iwe na lebo na anayeisafirisha awe anatambulika. Ipo Sheria ya Petroli ya 2015, chini ya EWURA. LATRA ilizaliwa 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA na ndiyo inayotoa leseni za magari ya biashara. Mionzi ni ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Barabara ni ya TANROADS. Moto ni wa Zimamoto. Trafiki ni polisi. Wakuu wengi, barabara moja, na lori likipita kila mmoja anatazama kipande chake. Makambako tuna mizani ya TANROADS. Lori linasimama pale, lazima lisimame, linapimwa tani zake hadi kilo ya mwisho ili lami isiumie. Vizuri, lami ni mali. Je, akishapima uzito, kuna anayezunguka nyuma kutazama kama kibao kipo, kama namba inafanana na karatasi za dereva, kama mtungi wa kuzimia moto una kitu ndani? Lami imepata mlinzi. Wewe je?

Na wenye malori nao wana visa vyao. Kibao kinachobaki kwenye lori mwaka mzima, likibeba petroli kipo, likibeba unga kipo, kinawafundisha watu kwamba kibao ni pambo. Kibao kilichofutika kwa matope ya Kitonga ni sawa na hakipo. Lakini kuna jambo moja ambalo madereva wenyewe hulikosea na tunawaomba walisikie: lori la mafuta lililoshusha mzigo si tupu. Limejaa mvuke. Lori lililojaa mafuta pomoni lina nafasi ndogo ya mvuke. Lililoshusha ni chumba kizima cha mvuke kikisubiri cheche. Ndiyo maana utaratibu unataka vibao vibaki mpaka tanki lisafishwe. Fundi wa kuchomelea pale gereji, kijana mwenzetu, akiambiwa "tanki ni tupu, piga welding hapa kwenye ufa", aweke miwani chini na aulize limeoshwa lini na nani. Kama jibu ni kucheka, kazi hiyo amwachie aliyecheka.

Msidhani kila moto unatokana na kuchota. Usiku wa tarehe 10 Desemba 2016, pale Karai karibu na Naivasha nchini Kenya, lori lililobeba kemikali inayowaka lilishindwa breki kwenye mteremko, likagonga magari, likalipuka. Walikufa watu karibu 40 waliokuwa safarini kwao, hakuna aliyeshika dumu. Kule Sange, Kivu Kusini, tarehe 2 Julai 2010, waliokufa walizidi 200. Wengine walikuwa wamekaa ndani wakitazama mpira wa Kombe la Dunia wakati lori la mafuta lilipopinduka nje. Sachangwan, karibu na Molo, Januari 31 mwaka 2009, zaidi ya 100. Namungoona, Kampala, Juni 2013, zaidi ya 30, na wengi wakiwa tena vijana wa bodaboda. Orodha hii inatembea juu ya barabara za Afrika Mashariki kama basi lenye ratiba.

Wazungu nao walikuwa hivyohivyo kabla hawajaungua. Julai 11 mwaka 1978 kule Hispania, lori la gesi lililojazwa kupita kiasi lilipita kando ya kambi ya watalii ufukweni, tanki likapasuka, wakafa watu zaidi ya 200. Dereva angeweza kupita barabara kuu ya kulipia, akapita njia ya pwani kukwepa ushuru. Baada ya hapo Hispania ikayazuia malori ya namna hiyo kukatiza katikati ya makazi. Sisi Makambako barabara kuu inaupasua mji kama kisu kwenye papai. Soko upande huu, stendi upande ule, petroli katikati.

Kinachotuuma zaidi ni hiki. Makambako ni mji wa reli. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ina stesheni hapahapa. Bomba la TAZAMA lilianza kupeleka mafuta ghafi Ndola tangu 1968, na mwaka 2023 likageuzwa kupitisha dizeli iliyokwisha safishwa. Mwalimu na Kaunda walituachia njia mbili za kupitisha mizigo mizito bila kukatiza sokoni. Reli tukaiacha ichoke, tukajaza barabara. Mwaka 2025 serikali za Tanzania na Zambia zilitia saini na kampuni ya Kichina ya CCECC mkataba wa dola bilioni 1.4 wa kuifufua TAZARA. Tunaunga mkono kila treni itakayotembea. Lakini tunadai ijulikane hadharani: petroli na kemikali za migodini ni miongoni mwa mizigo ya kwanza kurudi kwenye reli, au malori ya wakubwa yatalindwa?

Na kuna mzigo mwingine unakuja. Kule Namtumbo, mkoani Ruvuma, mradi wa urani wa Mto Mkuju umeshaanza hatua ya majaribio ya uchenjuaji; Rais Samia aliuzindua mwaka 2025. Kutoka Ruvuma kwenda bandarini kuna njia ya Mtwara, na kuna njia ya Songea, Lukumburu, Njombe, Makambako. Siku mapipa yale yatakapoanza kutembea, yatapita wapi? Unga ule wa urani haulipuki kama bomu, wanaokutisha hivyo wanakuongopea. Ila ni sumu ukivuta vumbi lake, na pipa likipasuka kwenye ukungu wa Lukumburu sharti polisi wa kwanza kufika ajue alama ile ya mapanga matatu inasema nini. Halmashauri ya Mji wa Njombe imeshaulizwa? Madiwani wameshaulizwa? Waulizeni, ni haki yenu, na msikubali kujibiwa kwamba hayo ni mambo ya wataalamu.

Hapa nyumbani nasi tujisemeshe. Mvuna mbao wa Njombe anayekwenda porini Ludewa au Makete anapanda Coaster na dumu la petroli la mashine yake ya kukatia miti. Kondakta analiona, anachukua nauli ya dumu, analisukuma chini ya kiti cha mama mwenye mtoto. Petroli inauzwa kwenye chupa za maji ya kunywa kando ya njia, na mtoto mwenye kiu hajui kusoma rangi. Mitungi ya gesi, tangu serikali ilipotangaza mwaka 2024 kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, inabebwa kwa bodaboda ikiwa imelazwa kama magunia ya viazi. Mtungi husafiri umesimama. Ukilazwa, gesi ya maji inalala kwenye koki, na ikivuja inatoka nyingi mno kuliko ingetoka mtungi umesimama. Kwa haya hatuhitaji kumngoja waziri.

Kwa serikali tuna madai, nayo si ya gharama. Kila lori la mzigo wa hatari, pamoja na alama za kimataifa, liandikwe kwa Kiswahili, herufi kubwa, pande zote: HATARI, PETROLI. HATARI, SUMU. Maandishi ya Kiingereza yanamlinda mwenye lori mahakamani. Hayamlindi mtu wa Makambako. Mizani ikague vibao kama inavyokagua tani, na lori lisilo na kibao lisitoke pale hata likiwa la nani. Maegesho ya malori ya mafuta yahamishwe nje ya mji, mbali na majiko. Makambako ipewe gari la zimamoto lenye povu la kuzimia mafuta, maana maji matupu juu ya petroli inayowaka yanausambaza moto.

Trafiki watasema wanakagua. Tunawaheshimu wanaokagua kweli. Wale wanaokagua mkono wa dereva badala ya mgongo wa lori wanajijua, na madereva wanawajua kwa majina.

Nawe kijana, lori likipinduka leo usiku, fanya hivi. Zima pikipiki ukiwa bado mbali, usiisogeze. Tazama upepo unatoka wapi, uondoke kuelekea unakotoka upepo, upande wa juu wa mteremko, mbali na mtaro. Mwambie mama lishe azime jiko kabla hujamwambia kitu kingine. Kama kibao cha chungwa unakisoma kutoka hapo ulipo bila kusogea, kariri namba zote mbili. Kisha piga 114 Zimamoto, wasomee namba hizo, uwaambie ni barabara ya Njombe, ya Mbeya au ya Iringa, na ukae hukohuko mbali ukizuia wenzako wenye madumu.